Doa Lililogeuka Shimo

Kizingiti cha kwanza nilichochonga kwa mashine ya kompyuta kilitoka na shimo ambalo mlango wenyewe haukuwa nalo. Mzee aliyenifunza kushika patasi alipitisha kidole gumba juu ya nakshi ya yungiyungi, akasita.

“Hili shimo la nini, mwanangu?”

Nilirudi kwenye picha. Lilikuwa doa la mafuta.

Mimi ni fundi wa milango hapa Mji Mkongwe, Unguja. Miaka mingi nilichonga kwa mkono tu. Desemba 2020, upande mmoja wa jumba la Beit el Ajaib ulipoporomoka, niliingiwa na hofu: nakshi nilizozizoea zilikuwa kwenye mbao zenyewe, basi. Nikaanza kupiga picha kila mlango niliokubaliwa kuusogelea.

Kosa langu lilikuwa kutegemea picha moja. Programu huigeuza picha kuwa ya kijivu, kisha weupe ikauhesabu kimo, weusi ikauhesabu kina. Mbao haina habari na hayo. Kichwa cha msumari wa shaba kilichopigwa na jua kikawa kilima, doa likawa kisima. Tena niliihifadhi kwa ngazi 256 za kijivu, basi majani yaliyotakiwa kuteremka taratibu yakatoka na vidaraja, ungedhani matuta ya mpunga. Sasa natumia ngazi 65,536 na vidaraja vimekwisha, ila faili ni zito na kompyuta yangu hulalamika.

Siku hizi mlango mmoja naupiga picha sitini, hata themanini, kila moja ikirudia sehemu kubwa ya iliyotangulia. Programu hulinganisha pembe hizo ndipo ikajua kipi kimeinuka na kipi kimezama. Naenda kukiwa na wingu, au asubuhi kabla jua halijaingia uchochoroni. Rula naiegemeza kwenye mwimo ili vipimo visinipotee. Shaba bado inanishinda, hung’aa mno. Vichwa vya misumari nakaa nikavichora upya kimoja kimoja. Mashine ikimaliza, milimita ya mwisho naichukua kwa patasi, maana ncha ya mashine ni ya duara na haifiki kwenye pembe kali.

Kile kizingiti chenye shimo bado kipo karakanani, nimekifanya rafu ya misumari.

Nawe mwenye mlango wa zamani, tafadhali usiupake rangi kabla haujapigwa picha. Rangi hujaa kwenye mifereji ya nakshi, na hapo kamera haioni kitu.