Samaki wa Rouen

Tarehe 3 Novemba 1948, Julia Child na mumewe Paul waliteremka melini bandarini Le Havre, wakashika njia ya Paris, ambako Paul alikuwa na kazi ya serikali yao ya Marekani. Walikuwa wamejuana Ceylon, Sri Lanka ya leo, wakati wa vita. Adhuhuri iliwakuta Rouen. Mkahawani La Couronne waliletewa chaza, kisha samaki bapa aliyekaangwa kwa siagi. Hapana nazi, hapana bizari. Mtu wa pwani angeuliza mchuzi u wapi. Lakini Julia, aliyeolewa akijua kupika kidogo tu, hakumsahau samaki yule hadi alipofariki mwaka 2004.

Paris walipanga katika nyumba kuukuu, 81 rue de l'Université. Jiko lilikuwa orofa ya juu, meza zake fupi kwa mwanamke mrefu kama yeye. Alipika humo, na Paul akaonja, mazuri na mabovu, kwa subira ambayo vitabu vya mapishi havitaji. Kitabu chake Julia, alichokiandika na wenzake wawili, kilitoka mwaka 1961.

Zilifuata Marseille, Ujerumani, Norwei. Hatimaye wakajenga kijumba, La Pitchoune, kusini mwa Ufaransa, katika ardhi ya rafiki, kwa ahadi ya kukirudisha siku watakapoacha kukitumia. Mwaka 1992 Paul alikuwa mgonjwa, hasafiri tena. Julia akaenda bila yeye, akapika mara ya mwisho, akakirudisha kwa wenyewe.