Mtu Asiyemo Kwenye Hojaji

Msimu wa mapendekezo ya tasnifu umewadia, na miongoni mwa yaliyonifikia lipo moja ambalo nimelisoma mara tatu. Mwanafunzi wangu wa uzamili anataka kuchunguza faragha katika nyumba janja za Dar es Salaam: nyumba zenye kamera zinazotazamwa kwa simu, vitasa vinavyofunguka kwa namba ya siri na spika zinazosikiliza zikingoja kuamriwa. Mada imekuja kwa wakati wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, nasi wanazuoni tuna wajibu wa kuuliza inafika wapi mlango wa nyumba unapofungwa.

Mapitio yake ya maandiko yaliniridhisha. Alieleza kesi ya František Ryneš wa Jamhuri ya Cheki, ambaye kamera ya nyumbani kwake ilimulika pia njia ya umma. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba hilo si jambo la kaya tu, hivyo sheria ya data inamhusu. Akaeleza pia kampuni ya Ring ya Marekani, iliyokubali mwaka 2023 kulipa dola milioni 5.8 baada ya kutuhumiwa kuwaachia wafanyakazi wake watazame video za faragha za wateja.

Kisha nikafika kwenye mbinu za utafiti. Hojaji kwa wakuu wa kaya, basi. Nikamwuliza: mwenye nyumba akishatoka kwenda kazini, kamera hubaki ikimtazama nani?

Alinyamaza kidogo. "Dada wa kazi, Dokta."

Hapo ndipo tasnifu ilipo. Kule ughaibuni alikosoma, anayelindwa ni mpita njia au mteja. Kwetu yupo mtu wa tatu, asiye mpita njia wala mteja. Anaishi humo, na hakuna aliyemwonesha masharti ayakubali au ayakatae. Sebule ni mahali pake pa kazi. Pengine usiku ndiyo chumba chake cha kulala. Waswahili wa pwani waliojenga nyumba zenye daka, mgeni akapokelewa hapo kabla ya kukaribishwa ndani, walijua kwamba faragha ina ngazi zake. Hata ndugu hupiga hodi. Kamera haipigi.

Sizidharau hoja za waajiri. Mzazi aliyemwacha mtoto wa miezi sita ana haki ya kuwa na hofu. Lakini hofu hiyo haimpi ruhusa ya kusikiliza binti anavyozungumza na mama yake aliyeko kijijini. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri apate makazi yanayoheshimu faragha yake.

Basi tuliandika upya swali la utafiti, na hapo ndipo tabu ilipoanza. Mahojiano yakifanyika nyumbani, yatarekodiwa na kifaa kilekile tunachokichunguza. Tukapendekeza yafanyike siku ya mapumziko, mbali na nyumba, kwa waliotimiza miaka 18 tu, ridhaa itolewe kwa mdomo na jina lisiandikwe popote. Kamati ya maadili ya utafiti imerudisha ombi kwa sharti moja: kila mhojiwa aje na barua ya ruhusa ya mwajiri wake. Yaani binti aombe idhini kwa anayemtazama ili aseme anavyojisikia kutazamwa!

Nimewaandikia tena, kwa heshima zote, kuuliza kama mhadhiri anayehojiwa kuhusu mazingira yake ya kazi huambiwa kwanza alete barua ya makamu mkuu wa chuo. Kikao chao kijacho ni mwezi ujao. Mwanafunzi, kwa upande wake, amekataa kurudi kwenye hojaji ya wakuu wa kaya, ingawa nimemweleza wazi kwamba kwa njia ile angemaliza mapema zaidi.