Mkono Wenye Kanula



Kuwatembelea wagonjwa ni tendo la huruma tulilofundishwa tangu katekisimu. Kwa sisi tunaofika Sekei, nafasi ya kulitimiza haiko mbali: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru iko hapa hapa. Ukiingia wodi yoyote, hapa au kwingine, utaona wagonjwa wengi wana kanula mkononi, kile kimrija cha plastiki kinachoingizwa kwenye mshipa ili kupitisha dawa, maji au damu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wanaolazwa huhitaji mrija katika mshipa wa damu wakati fulani.

Kwa kuwa ni kitu cha kawaida, ni rahisi kukisahau. Lakini kanula ina madhara yake. Mshipa wenyewe unaweza kuvimba, ukauma na kuwa mgumu kama kamba. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, hivyo kuuliza na kugusa kunasaidia kuliko kutazama tu. Pengine dripu huvuja nje ya mshipa: mkono unajaa, unakaza, unakuwa wa baridi. Dawa nyingine zikivuja hivyo huunguza nyama hadi kidonda. Na vijidudu vikipita kwenye tundu lile hadi kwenye damu, aliyekuja kutibiwa malaria anaweza kupata homa nyingine iliyo mbaya zaidi.

Kinga yake si ya gharama kubwa: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa spiriti na kuiacha ikauke, kuweka plasta safi, kukagua kila zamu, na kuitoa kanula isipohitajika tena. Mwezi Mei 2024 Shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu jambo hili.

Katika ziara moja tulimkuta bibi amefunika mkono kwa khanga.

“Shikamoo bibi. Unaendeleaje?”

“Marahaba wanangu. Namtolea Mungu tu.”

Khanga iliposogea tukaona mkono umejaa hadi kwenye kiwiko. “Manesi wana kazi nyingi,” alisema, “nisiwasumbue.” Tulimwita muuguzi. Alifunga dripu, akatoa kanula, akauinua mkono juu ya mto, kisha akatafuta mshipa mkono wa pili. “Bibi, siku nyingine niite,” alimwambia kwa upole.

Tumelitafakari sana neno la yule bibi. Uvumilivu ni fadhila, lakini kunyamazia maumivu yenye dawa si uvumilivu. Muuguzi mwenye wodi iliyojaa hawezi kuuona kila mkono kila saa. Mgonjwa na ndugu zake ni macho yake. Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, aliishi miaka mingi na kidonda cha mguu kisichopona, na aliwataka wenzake wamhudumie mgonjwa kama mama anavyomhudumia mtoto wake wa pekee. Mama hangoji mtoto alie.

Basi, ndugu waumini, mnapopeleka uji na rozari hospitalini, ulizeni pia: “Mkono unauma?” Msiivute kanula wala kuongeza kasi ya dripu. Mwiteni muuguzi kwanza. Kisha tusali pamoja na mgonjwa wetu.