Uso Mweusi, Nguo Nyekundu

Jumatatu, 4 Agosti
Nasaka kamera ya kupigia harusi. Muuzaji wa Changamwe kaleta picha alizopiga kwa yake. Machweo. Maua. Paka kaota jua ukutani. Nzuri, na hazinambii kitu. Jua la saa kumi kamera gani italishindwa? Mimi nataka ukumbi, saa tano usiku, taa za zambarau, biarusi wa rangi yangu. Hiyo hana.

Tena kanitumia kwa WhatsApp! Picha zimebanwa hata kope hazihesabiki. Nimemwambia anipe faili zenyewe kwenye memori kadi. Kanuna. Na anune.

Jumanne, 5 Agosti
Mamake biarusi nitakayempiga picha kapiga simu tena. “Mwanangu, nionyeshe kazi zako.” Nimuonyeshe nini? Nyuso za watoto wa watu, waliovua buibui kwa kuwa wamo wanawake pekee? Hata. Amana ni amana. Lakini haki yake kuuliza, harusi ni ya bintiye.

Nimemwomba mdogo wangu akae nimpige picha yeye. Kakubali, na mama huyo aonyeshwe. Sharti lake: apakwe hina kwanza. Raha iliyoje.

Jumatano, 6 Agosti
Likoni kwa mama. Feri imejaa, kusi linavuma, baridi. Kanitolea picha yake ya kibanda cha pale kivukoni, miaka ya 1990. Nyuma pazia lenye meli ya kuchorwa. Gauni linawaka, uso umezama. Macho na meno tu.

Mpiga picha simlaumu. Filamu zile zilipangwa kwa ngozi nyeupe. Maabara zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye mwanamke mzungu, wakiiita Shirley. Uso wake ukitoka sawa, basi kazi imekwisha. Mama alikuwa mzuri vile, na ile karatasi haikumwona. Roho inaniuma hadi sasa naandika.

Ijumaa, 8 Agosti, usiku
Kamera zote mbili ninazo hadi kesho, ya huyu wa Changamwe na ya muuzaji mwingine wa Bombolulu. Sebuleni Mtopanga, taa moja tu. Mdogo wangu kavaa buibui lenye darizi nyeusi, leso nyekundu begani, hina na piko mikononi. Lenzi za milimita 50 zote mbili. ISO 3200, kasi 1/125, RAW. Kila kitu sawasawa, isiwe nimependelea.

Kwenye kompyuta, asilimia 100:

Ya Changamwe, megapikseli 24, kihisi kidogo. Buibui limejaa chenga, darizi imepotea. Kivuli cha shavu kimeingia ukijani. Hina na piko zimekaribiana, zote hudhurungi.

Ya Bombolulu, megapikseli 20, kihisi cha milimita 36 kwa 24. Darizi inaonekana, uzi kwa uzi! Chenga zipo ila ndogo. Hina hina, piko piko. Shavu lina rangi yake, na ule mng’ao wa mafuta juu ya mfupa.

Leso imezitesa zote. Nyekundu ikawa bapa moja, mikunjo hakuna. Grafu ya mwanga nyeupe yasema salama. Ya nyekundu peke yake imegonga ukuta. Nimepunguza mwanga theluthi mbili za stopu, mikunjo ikarudi. Hili nilishike kwa siku yenyewe, gauni la biarusi ni jekundu.

Mpwa wangu: “Khaloo, simu yangu ina 108, hizo 20 ni za nini?” Karatasi ya A4, nukta 300 kwa inchi, haifiki megapikseli 9. Nimemhesabia, 2,480 mara 3,508. Kanyamaza.

Jumapili, 10 Agosti
Nimechapa A4, nimepeleka mkononi. Mamake biarusi hakutazama uso kwanza. Katazama viganja. Kasogea dirishani, kageuza karatasi kwenye nuru. “Hii ndiyo hina yenyewe.” Kisha uso, muda mrefu. Arubuni kanipa hapo hapo.

Ya Changamwe nimeirudisha kwa heshima. Kwa kazi za mchana itamfaa mtu.

Ya Bombolulu naichukua. Na kuanzia leo, anayetaka kuniuzia kamera anionyeshe uso mweusi, nguo nyekundu, ukumbi wenye giza. Machweo ayaweke.