Wikiendi ya Wawili Kwenye Mji Kasoro Bahari

Mimi nilitaka Zanzibar. Mwenzangu akasema hela hiyo ni ya kiwanja, na kiwanja chenyewe tulikuwa tumekigombania wiki nzima: hati iandikwe jina la nani? Tukapatana Morogoro, ule mji wanaouita "mji kasoro bahari", kilomita kama 190 kutoka Dar. Treni ya umeme ipo tangu 2024, lakini sisi tuling'oa viti vya nyuma vya Noah, tukatandika godoro, huyooo!

Jumamosi hatukukimbizana na saa. Chai na chapati mjini, machungwa kutoka soko la Chifu Kingalu, kisha tukaanza kupanda Uluguru kwa miguu hadi Morningside, jengo la Mjerumani la mwaka 1911. Vaa raba jamani, mimi nilivaa sendozi nikajuta. Akina mama walishuka na ndizi vichwani, wakatupita wakitupa pole huku sisi tunahema.

Kijana aliyetuongoza, Mluguru, akatuambia kwao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Nikamtazama mwenzangu. Akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Kule juu kuna baridi, na mji mzima unauona chini. Tukakaa tukisikiliza maji. Mto Ruvu unaotunywesha watu wa Dar unapata maji yake kwenye milima hii.

"Tuandike majina yote mawili," akasema bila kunitazama, anamenya chungwa. Nikampokonya nusu.