Kuaminiana kwa Kipimo

Katika kazi yangu ya kuunganisha mifumo ya malipo, swali gumu kuliko yote halihusu kompyuta. Huulizwa kwa sauti ya chini, na aghalabu na mtu ninayemthamini: “Kwani huniamini?”

Nililisikia Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, kwa akina mama wanaolima mwani na kuugeuza sabuni. Walitaka wateja wa Dar es Salaam waagize na kulipa kwa simu. Kijana wa hapo hapo kijijini, mwenye kipaji na bidii, ndiye aliyeandika programu. Aliponiomba funguo za mfumo wa malipo, nilimpa za majaribio tu. Akanitazama. “Kaka, si unipe tu za akaunti kuu nimalize kazi? Kwani huniamini?”

Namwamini, na bado sikumpa. Sababu zake ni za kitaalamu, lakini kadiri ninavyozitafakari naona zinahusu maisha yetu sote.

Programu ile haikai kwenye kompyuta ya kijijini. Inakaa kwenye seva za kukodi zilizo mbali, huko tunakokuita kwenye wingu, na inawasiliana na M-Pesa kupitia API, yaani njia rasmi ambayo programu moja huitumia kuomba huduma kwa nyingine. Mfumo wa namna hiyo hauoni sura ya mtu wala haujui amezaliwa na nani. Unatambua ufunguo, ambao ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Kwake, aliyeushika ndiye mwenyewe, awe mwenye mali au mwizi.

Ndiyo maana funguo hizo hutolewa kwa uangalifu mkubwa. Vodacom Tanzania, yenye huduma hiyo ya M-Pesa, hutenga mazingira ya majaribio na yale ya fedha halisi. Hata ukishakuwa na ufunguo wako, programu huufumba kwanza, huuwasilisha, kisha hupewa ufunguo mwingine wa muda mfupi wa kufanyia kazi. Muda ukiisha, huomba upya. Kwenye seva za kukodi za Amazon, ufunguo wa siri huonyeshwa mara moja tu, wakati unapotengenezwa. Kampuni hiyo yenyewe inashauri akaunti kuu isitengenezewe funguo za namna hiyo kabisa, na kila programu ipewe ruhusa zinazotosha kazi yake, basi. Tena inaruhusu funguo mbili kwa wakati mmoja, ili mpya uanze kazi kabla wa zamani haujafutwa. Hivyo ufunguo hubadilishwa bila shughuli kusimama.

Nilikuwa natafuta maneno ya kumweleza kijana haya yote asinielewe vibaya. Mama mhazini, aliyekuwa akifunga sabuni kwenye karatasi, akaniwahi.

“Mwanangu,” alimwambia, “sanduku letu la hisa lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu. Mimi ndiye mhazini na sina hata mmoja. Umewahi kuniona nimenuna?”

Nimelibeba jibu hilo tangu siku ile. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba mipaka inalinda mali. Mama yule aliona mbele zaidi: mipaka inamlinda aliyekabidhiwa mali. Siku hesabu ikipungua, yeye hana haja ya kuapa wala kulia mbele ya wenzake. Kila mtu anajua ambacho asingeweza kukifanya peke yake.

Tazama yaliyoipata Uber, kampuni ya kuita teksi kwa simu, iliyowahi kuhudumia abiria wa Dar es Salaam na Nairobi. Mwaka 2016 wavamizi waliingia kwenye hifadhi ya programu za wahandisi wake katika GitHub, wakakuta humo funguo za seva za Amazon. Wakachukua taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Wahandisi wale hawakuwa wezi. Walikuwa wafanyakazi waliobeba funguo zenye uwezo mkubwa, na uwezo huo ukahama nazo kwenda mahali wasipopatarajia. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakitaka hata kikundi kidogo kiyatunze majina na namba za wateja wake. Ufunguo mpana mno ni mzigo kwa anayeubeba.

Bagamoyo yenyewe ina ushahidi wa amana iliyotunzwa vizuri. Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa msafiri David Livingstone, walifika hapa na mwili wake, baada ya safari ya miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Watu husifu miguu yao, na wanastahili sifa. Mimi huwasifu kwa walilolifanya kabla ya kuondoka: masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha vilivyokuwamo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuandika kwa sababu walishukiana. Waliandika kwa sababu walikuwa na mwisho wa safari, na siku ya kukabidhi wangeulizwa.

Nyumbani mara nyingi tunafanya kinyume. Bibi humpa mjukuu namba ya siri ya simu ili amtolee fedha, na salio likipungua, mjukuu ndiye mwizi, hata kama hakugusa kitu. Mjomba humwachia mpwa duka lote bila daftari, na mwaka ukiisha hawasalimiani. Tunadhani undugu wao umevunjwa na tamaa. Mara nyingine umevunjwa na ufunguo uliotolewa bila kipimo.

Kijana alimaliza kazi yake vizuri. Funguo za fedha halisi ziliwekwa na mwenyekiti kwenye mipangilio ya seva, nje ya msimbo wa programu, na tarehe ya kuzibadilisha ikaandikwa kwenye daftari la kikundi mbele ya wanachama wote, kijana akiwamo. Nami tangu hapo nikimkabidhi mtu kitu, namweleza papo hapo ni kwa kazi gani, mpaka lini, na nani mwingine anajua. Nayasema hayo mapema, tukiwa bado tunacheka pamoja, kwa sababu yakisubiri mpaka kitu kipotee, hata yakisemwa kwa upole yatasikika kama tuhuma.