Kirusi Hakikuwepo

Niliwaambia walimu wenzangu kwamba flashi ina kirusi. Haikuwa nacho. Mwenye flashi, mwalimu wa Fizikia aliyetengeneza kwa PowerPoint chemsha bongo iliyokuwa humo, akaomba radhi mbele ya watu kwa uharibifu nilioufanya mimi.

Faili lake lilikuwa na makro, yaani vijiprogramu vya VBA: mwanafunzi akibofya jibu, alama zinajumlishwa na swali jingine linakuja. Alikuwa amenipa nisahihishe tahajia tu. Nikaona jina linaishia na pptm. Nami kwa ujuaji wangu nikadhani m hiyo imekosewa, nikalihifadhi upya kama pptx.

Kompyuta iliniuliza, na hapa sina utetezi. Ilisema wazi kuwa mradi wa VB hauwezi kuhifadhiwa katika wasilisho lisilo na makro. Je, niendelee hivyo hivyo? Ningejibu Hapana, ningepewa nafasi ya kuchagua aina ya faili inayobeba makro. Nikabonyeza Ndiyo kama mtu anayefukuza nzi. Kisha nikalifuta faili la zamani, eti flashi isijae. Windows ikifuta kitu kwenye flashi, haikipeleki kwenye pipa la taka, kimekwenda.

Asubuhi slaidi zilifunguka vizuri, rangi zote, vitufe vyote. Tatizo ni kwamba vitufe vilibofywa na hakuna kilichotokea, na wanafunzi walikuwa wameshakaa. Hapo ndipo neno kirusi liliponitoka.

Wenzangu wakinywa chai, nilijaribu kufuta nyayo: nikabadilisha x ya mwisho wa jina ikawa m. PowerPoint ikagoma hata kulifungua. Tangu toleo la 2007 faili hizi ni vifurushi vya zip. Makro hukaa humo ndani, katika faili liitwalo vbaProject.bin, na aina ya wasilisho imeandikwa humo humo pia. Jina la nje halirudishi kilichotupwa. Mimi nilizoea ppt ya zamani, iliyobeba yote bila kuuliza, lakini hilo halinisafishi.

Jioni nilimpigia simu nikamweleza. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Sasa kaka, si ungeniambia pale pale?" Kumbe alikuwa na nakala kwenye barua pepe. Nayo ilitusumbua, maana mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Ilibidi tuingie kwenye sifa za faili tuliondolee kizuizi ndipo vitufe vikaitika.

Ameshanisamehe. Ila wale walimu wengine mpaka leo hawakubali kuchomeka flashi yake kwenye kompyuta zao, na mimi bado sijawaambia.